Tazama Pia: Mlango wa Kijani

Karatasi zilikuwa nne, zimebanwa kwa pini kwenye kona, na Bibi Kadi alizisoma akiwa amesimama, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Mjukuu wake alikuwa amempigia simu asubuhi ile ya Jumanne aje maktaba mara moja, naye akavaa vile viatu vyake vya kazini ambavyo havijakwenda kazini tangu astaafu, akijua anaitiwa chai. Kumbe anaitiwa makosa. Yalikuwa sitini na matatu, yamepangwa moja chini ya jingine, na kila mstari ulibeba namba ya kadi aliyoiandika yeye kwa mkono wake.

"Haya yote ni mimi?"

"Yote ni wewe, Bibi," mjukuu alisema, akimsogezea kiti. "Umewashinda wote waliowahi kufanya kazi hapa. Wao ukiwajumlisha wana manane."

Jina la Bibi Kadi hakuliokota njiani. Aliingia maktaba ile akiwa msichana aliyemaliza darasa la saba, kazi yake kugonga mihuri ya tarehe kwenye vitabu vinavyoazimwa, mpaka mkuu wa wakati huo alipouona mwandiko wake, herufi zimekaa wima kama watoto kwenye mstari wa shule, akampa kalamu ya wino na bunda la kadi tupu. Kwa miaka thelathini na mmoja kila kitabu kilichoingia kiliandikiwa kadi na yeye: jina la kitabu, mwandishi, rafu, na chini kabisa ule mstari wa "tazama pia" unaompeleka msomaji penye habari zaidi. Kadi zililala kwenye kabati la mbao lenye droo mia na ishirini, na kabati hilo alilitungia kitendawili ambacho hata wafagizi walikijua: nyumba yangu ina vyumba mia na ishirini, wanalala maelfu, hakuna anayekoroma.

Sasa mjukuu huyu, aliyesomea kazi ya maktaba mpaka akavaa joho, ndiye aliyepewa kazi ya kuziamsha kadi zile na kuziingiza kwenye kompyuta. Alimweleza bibi yake taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto soksi. Kwenye kompyuta kadi haikai peke yake. Kitabu kina uzi unaokwenda kwa mwandishi wake, mwandishi ana nyuzi zinazokwenda kwenye vitabu vyake vyote, kila somo lina nyuzi zake, na ukivuta mmoja unafika kwa mwingine. Ijumaa saa tisa alasiri nyuzi hizo zingeunganishwa na za maktaba nyingine tano, ili msomaji wa huku aone vya kule. Lakini kabla ya kuunganishwa, kila kitu kinapita mbele ya programu moja ambayo mjukuu aliibatiza Mkaguzi. Mkaguzi ana masharti yake mkononi: kitabu kiwe na jina moja, mwaka uwe mwaka kweli, na kila "tazama pia" iishie kwenye kitabu kilichomo. Kosa likibaki moja tu, faili zima linarudi lilikotoka.

"Sasa soma mwenyewe ulichoandika, Bibi."

Bibi Kadi alisoma. Kitabu cha matengenezo ya baiskeli. Tazama pia: fundi mwenye kofia ya bluu, mkabala na posta. Kitabu cha ufugaji wa nyuki. Tazama pia: mama wa asali, ana alama ya kuumwa shavuni. Kitabu cha upigaji picha; tazama pia: mpiga picha wa ghorofani, ila asiulizwe kitu kabla hajanywa chai.

Mjukuu alikuwa amelaza paji la uso juu ya meza, mabega yanatikisika kwa kicheko. Bibi Kadi hakuona cha kuchekwa. Kile kitabu cha baiskeli, alisema, kilikuwa kimechanwa kurasa zote za breki, na msomaji akija anataka breki angemwambia nini, asubiri kitabu kiote kurasa? Alimpeleka penye breki. Na mkuu wa siku hizo aliziona kadi zile akanyamaza, kwa kuwa naye viatu vyake vilishonwa na mtu wa kadi namba mia nane na kumi.

Mkuu wa sasa, kijana mpole mwenye tai fupi, alipita akasikia. Alimsalimia Bibi Kadi kwa heshima zote, akasifu mwandiko, kisha akasema zifutwe. Mstari wa "tazama pia" unaoishia kwa mtu, alisema, haufiki popote. Akaondoka na kikombe chake.

Bibi Kadi aliipitia mistari yake tena kwa kidole. Mistari sitini na mitatu katika miaka thelathini na mmoja si mingi. Lakini hiyo ndiyo mistari aliyoitunga mwenyewe. Kule kwingine kote alikuwa akinakili majina ya watu waliosoma kumzidi. Mjukuu alimwangalia, kicheko kikamkauka.

"Mkaguzi hawakatai watu, Bibi," alisema. "Anakataa uzi unaoning'inia."

"Nitegee kwa lugha yangu."

Mjukuu alifikiri. "Kila siku napeleka wageni kwa mwenzangu, na mwenzangu hana nyumba."

"Tazama pia isiyo na mwisho," Bibi alijibu papo hapo. "Basi mjengee huyo mwenzako nyumba."

Ndivyo mpango ulivyoanza. Masharti ya Mkaguzi aliyaandika mjukuu, na mjukuu angeweza kuyaandika upya, kwamba "tazama pia" iishie kwenye kitabu au kwa mtu. Ila mtu naye lazima awe na rekodi kamili, na rekodi ya mtu iwe na masharti yake. La kwanza, ajulikane kazi yake. La pili, awe na mahali pamoja pa kupatikana, si pawili. La tatu, iandikwe siku alipothibitishwa. La nne mjukuu aliliandika bila kumtazama bibi yake usoni: awe amekubali mwenyewe.

"Hakuna niliyemuuliza hata mmoja," Bibi Kadi alisema polepole.

"Najua, Bibi."

Mkuu wa maktaba aliposikia mpango, alikuna kidevu, akasema sawa, mpaka Ijumaa saa tisa. Rekodi yoyote ambayo haijatimia saa hiyo inafutwa, na hataki kusikia hadithi.

Basi wakaingia njiani, Bibi mbele, mjukuu nyuma na daftari. Jumanne hiyo hiyo walimpata fundi wa kofia ya bluu, kofia sasa ya kijivu na mwenye kofia hana meno ya mbele, akacheka mpaka akaegemea gurudumu: miaka yote ile alijiuliza kwa nini wanaokuja kwake kuuliza breki wanakuja na vitabu kwapani. Alikubali. Fundi saa naye alikubali, ila alitaka kuandikwa dukani na nyumbani, na mjukuu akamweleza Mkaguzi hapokei sehemu mbili. Mzee alitazama pembeni akasema basi dukani, nyumbani huwa hayupo hata akiwepo. Mama wa asali alikuwa amefariki, na binti yake, mwenye mizinga ile ile, aliomba kadi iachwe ilivyo na chini yake aandikwe yeye. Mpiga picha aliwafukuza. Walirudi baada ya saa nzima, alipokwisha kunywa chai, akatia saini.

Jumatano walimaliza ishirini na tisa. Alhamisi miguu ya Bibi Kadi ilivimba akavaa ndala, na mbele ya ndala zile watu waliendelea kukubali mmoja mmoja, wengine kwa machozi ya furaha, wengine wakimtania kwamba angalau kichwa kimoja serikalini kiliwahi kuwakumbuka. Alasiri mjukuu aliingiza wa mwisho, akambonyezea Mkaguzi, na Mkaguzi akajibu: kosa moja.

Wote wawili walilijua kabla halijatokea. Kadi namba 3097. Malezi ya mtoto mchanga. Tazama pia: mkunga wa mlango wa kijani, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Mkunga wa mlango wa kijani alikuwa wifi yake Bibi Kadi, dada wa marehemu mumewe. Hapakuwa na mikono iliyojua mtoto kama ile. Aliweza kumshika kichanga aliyelia siku tatu, akamgeuza kidogo tu ubavu, mtoto akanyamaza kana kwamba kakumbuka jambo. Bibi Kadi aliandika kadi ile kwa majivuno, na wanawake wakaenda. Wakaenda wakati wa chakula, wakaenda wakati wa kuoga, na siku moja, mwaka wa mwisho wa kazi ya Bibi Kadi, wifi mtu akaja maktaba, akasimama katikati ya chumba cha kusomea na kusema kwa sauti ya kuamsha wafu kwamba jana yake kafungua mlango povu la sabuni kichwani, kuna mama wa mapacha, na mapacha wote wanalia. "Mimi si droo ya kabati lako, wifi," alisema. "Uliniuliza lini?"

Shingo zote za wasomaji ziligeuka. Na Bibi Kadi, badala ya kujibu swali, alisema maneno ambayo ameyatafuna miaka kumi na mmoja bila kuyameza: "Hapa watu wanasoma. Mwenye kelele hutoka nje."

Wifi alitoka. Tangu hapo, kwenye harusi za ukoo mmoja akikaa kulia mwingine alitafuta kiti kushoto, na salamu zikapitishwa kwa watoto kama sahani.

Ijumaa asubuhi mjukuu alisema kwa upole kwamba mstari huu mmoja ungeweza kufutwa. Sitini na miwili ingekwenda, hakuna ambaye angejua. Kidole chake kilikuwa juu ya kibonyezo, akisubiri.

Bibi Kadi aliutazama mstari ule kwenye kioo. Kati ya yote sitini na mitatu huo ndio uliokuwa bora, na ndio pekee ambao mtu aliyetajwa aliwahi kumwambia usoni kwamba hakuulizwa. Kuufuta kungekuwa kumtoa wifi yake nje mara ya pili.

"Toa kidole," alisema. "Nipe kadi."

"Kadi haitoki maktaba, Bibi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilimzuia profesa mzima mlangoni kwa sababu ya kadi moja. Leo najizuia mimi, nashindwa. Ilete."

Alitia kadi 3097 kwenye mkoba, kati ya miwani na leso, akaenda peke yake. Mtaa wa nyuma ya kiwanda ulinuka sabuni kama zamani. Alihesabu nyumba, akafika, akashika kichwa: mlango ulikuwa wa kahawia. Alirudi nyuma akahesabu tena. Pale pale, kizingiti kile kile chenye ufa, ila mlango kahawia. Alipiga moyo konde akabisha.

Wifi yake alifungua. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe pepe, macho yale yale ya kumpima mtu uzito kwa kumtazama.

"Umezeeka, wifi," mkunga alisema.

"Na wewe mlango wako umebadilika kabila."

Mkunga hakucheka, ila alisogea pembeni, na Bibi Kadi akaingia. Chumba kilikuwa kisafi, kimya, mizani ya kupimia watoto ipo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Chai ililetwa. Bibi Kadi alieleza habari ya Mkaguzi, nyuzi na masharti manne, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojiona anazunguka mbali na jambo lenyewe, mpaka akaweka kikombe chini.

"Miaka kumi na mmoja iliyopita uliniuliza swali mbele za watu, nikakutoa nje," alisema. "Jibu lake ni kwamba sikukuuliza. Nilikutumia watu kama vile ulikuwa wangu. Nisamehe. Na leo nimekuja kuuliza."

Mkunga aliifuta meza kwa kiganja, meza isiyo na vumbi.

"Unauliza nini wakati jina langu ulishalifuta?"

Bibi Kadi hakuelewa. Mkunga akamweleza huku anaangalia dirisha. Jioni ile ya ugomvi alinunua rangi ya kahawia kwa hasira akaupaka mlango, watu wasimtambue. Wiki ile hakuja mtu, akalala usingizi mtamu. Mwezi ule hakuja mtu. Mwaka ukaisha, na hata akiacha mlango wazi, hakuna aliyepita na mtoto. Mwanamke aliyebeba kichanga anayelia hazuiwi na rangi, alisema, angeuliza kwa jirani. Basi akajua wifi yake ameitoa kadi yake akaichana, na kila akimuona harusini moyo ulimchoma upya: kwamba alilalamika kelele, akapewa kimya cha milele.

Bibi Kadi alifungua mkoba. Aliiweka kadi mezani, kona zake zimelainika, wino umefifia kidogo tu. Tazama pia: mkunga wa mlango wa kijani.

"Paa la chumba cha kusomea lilivuja mwaka ule ule," alisema. "Kabati likashushwa stoo chini, kwa muda, walisema. Mimi nikastaafu. Hakuna droo iliyofunguliwa tena mpaka mjukuu wako alipokuja. Wote sitini na watatu walikaa gizani, wifi, si wewe peke yako. Lakini hukufutwa hata siku moja."

Mkunga aliisoma kadi mara mbili. Kidole chake kilipita juu ya maneno, kikasimama kwenye neno la mwisho la mtaa wake.

"Hata ufa wa kizingiti hukuuandika," alisema kwa sauti nzito. "Watu wangeuona haraka zaidi."

Kisha akainuka, akapiga magoti kwa shida, akavuta kutoka uvunguni kopo la rangi ambalo halijawahi kufunguliwa. Alilinunua mwaka juzi, alisema, na hakujua alilinunulia nini. Rangi ilikuwa ya kijani.

Bibi Kadi alitazama saa ya ukutani; ilikuwa saa nne na nusu. Alisema si lazima, Mkaguzi hatakuja kuangalia mlango. Mkunga akamuuliza kama ameandika miaka thelathini na mmoja ili leo apeleke uwongo kwenye maktaba tano. Basi wakapaka, wawili, mmoja juu mmoja chini, kanga zimefungwa kiunoni, wakigombana juu ya mikwaruzo na juu ya nani anadondosha. Jirani alipita akauliza kuna sherehe gani. Mkunga akajibu kwamba wifi yake anaosha dhambi, na anaosha vibaya.

Masharti mkunga aliyatoa akiwa na brashi mkononi. Anakubali kuandikwa. Lakini saa ziandikwe, asubuhi tu, na asitumiwe mtu wakati wa kuoga. Na sharti la pili: kama yeye anatazamwa pia, basi kwenye rekodi yake naye kuwe na "tazama pia" yake.

"Iende wapi?"

"Kwako. Wakija kwangu wanaotaka kusoma zaidi, mimi vitabu sivijui. Utakuwa hapa kila Jumatano asubuhi, utawaambia. Na mimi nitapata wa kunywa naye chai."

Bibi Kadi alifika maktaba saa nane na nusu, rangi mpaka kwenye kiwiko. Mjukuu aliandika kila kitu haraka haraka, vidole vinaruka. Mkuu wa maktaba alisimama nyuma yao na kikombe chake, haondoki. Mjukuu alibonyeza. Mkaguzi alifikiri kwa muda ambao Bibi Kadi alihisi ni mrefu kuliko wa kupaka mlango, akajibu: kosa moja.

Mkuu aliishika tai yake. Mjukuu alisogea kwenye kioo akasoma, mara uso wake ukakunjuka. Kosa halikuwa la mkunga. Rekodi ya mkunga ilitimia, pamoja na kijani chake. Lilikuwa kwenye rekodi mpya ambako "tazama pia" ya mkunga iliishia. Akamsomea bibi yake polepole: karani wa kadi. Kazi: kujua nani anajua nini. Mahali: mlango wa kijani, Jumatano asubuhi. Siku ya kuthibitishwa: leo. Amekubali mwenyewe: pameachwa wazi.

"Mkaguzi anakuuliza, Bibi," mjukuu alisema. "Unakubali kuandikwa?"

Ilikuwa saa nane na dakika hamsini. Mkuu alitazama saa, akamtazama Bibi Kadi, akatazama saa tena. Bibi Kadi hakuharakishwa. Alikaa kwenye kile kiti alichosogezewa Jumanne, mikono yenye rangi juu ya magoti, akaacha lile swali limkae masikioni.

"Kumbe ni tamu hivi kuulizwa," alisema. "Andika nimekubali."

Mjukuu aliandika, akabonyeza. Mkaguzi alijibu kwamba hakuna kosa, na mkuu wa maktaba, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akakaa mezani na tai yake ikaingia kwenye chai.

Bibi Kadi alikwishashuka stoo. Alivuta droo, akaingiza vidole kati ya kadi 3096 na 3098, akairudisha yake mahali pake. Hapo ndipo alipoona alichokifanya. Kwenye kona ya juu, palipokuwa peupe, kidole gumba chake kilikuwa kimeacha alama ya kijani, mistari yake yote inaonekana. Kwa doa dogo kuliko hilo aliwahi kuwasimamisha wasomaji mbele ya meza na kuwasemesha mpaka wakaomba radhi. Aliipulizia ikauke, akafunga droo.